Umma Husimama Wapi? Nafasi ya Mwelekezi katika Uhakiki wa Tamthilia ya Kenya

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili huko Mukuyuni, katika vilima vya Makueni, aliyeisoma tamthilia ya David Mulwa, Inheritance (2004), ilipokuwa miongoni mwa vitabu vya hiari vya fasihi ya Kiingereza katika mtihani wa Kidato cha Nne, alitarajiwa kujua mengi kuihusu. Alitarajiwa kueleza sifa za Lacuna Kasoo, kulinganisha Kutula ya kikoloni na Kutula ya uhuru, na kujadili maudhui ya usaliti, ukoloni mamboleo na ujasiri wa mwanamke. Haya yote ni ya haki. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo karatasi za mtihani na miongozo ya vitabu teule haina mazoea ya kuliuliza, nalo ni jepesi kulitamka: umma wa Kutula husimama wapi jukwaani, na ni nani anayeutazama?

Swali hili si la mapambo. Mulwa ni mwana wa Ukambani aliyetumia maisha yake ya kazi katika ukumbi wa michezo akiwa mwigizaji, mwelekezi na mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mtu wa namna hiyo anapoandika tamthilia, huandika akiwa tayari ameona watu wakiingia na kutoka. Kuisoma kazi yake kana kwamba ni riwaya iliyokosa masimulizi ni kuitupa nusu yake.

Makala haya yanadai kwamba kosa hilo si la mwanafunzi wa Mukuyuni wala la mwalimu wake, bali ni la uhakiki wetu kwa jumla. Uhakiki wa tamthilia nchini Kenya umekuwa uhakiki wa kitabu. Humtambua mtunzi, humtaja mchapishaji na mwaka wa kuchapishwa, na mara chache humkumbuka mwigizaji, lakini mwelekezi humpita kana kwamba hakuwapo. Jambo la kusikitisha ni kwamba wapo waliomwona vizuri zaidi, nao ni watawala. Historia ya miaka ya 1976 hadi 1982, kama itakavyoonyeshwa, ni historia ya dola iliyouachilia mswada uuzwe madukani huku ikiliogopa onyesho la mswada huohuo. Ili kulijibu swali la Mukuyuni, ni lazima kwanza kuirudia historia hiyo.

Mwelekezi ni Nani?

Istilahi zenyewe zinatoa fununu. Nchini Kenya limezoeleka neno mwelekezi, na nchini Tanzania mwongozaji. Maneno yote mawili yanatokana na vitenzi vya njia na safari: kuelekeza na kuongoza. Hayasemi kwamba mtu huyu hutunga, wala kwamba huigiza. Yanasema kwamba huwachukua wengine kutoka mahali pamoja hadi pengine. Labda ndiyo sababu mhakiki aliyefunzwa kutafuta mwenye kazi, yaani yule ambaye jina lake liko juu ya jalada, hamwoni. Mwelekezi hana jalada.

Hata hivyo, kazi yake ni ya kufasiri, na kwa maana hiyo ni jirani wa karibu zaidi wa mhakiki. Anapoamua kwamba mhusika fulani atasema maneno yake akiwa amewapa wenziwe mgongo, au kwamba wimbo utaanzia nyuma ya hadhira badala ya jukwaani, ameshatoa hukumu juu ya maana ya tamthilia. Tofauti ni kwamba hukumu ya mhakiki huandikwa, ilhali hukumu ya mwelekezi hutendwa na kisha huyeyuka pamoja na usiku wa onyesho. Kuyeyuka huko kumechukuliwa kuwa ushahidi kwamba hakukuwa na kitu.

Oktoba 1976: Ukumbi wa Taifa na Safari ya Lagos

Ukumbi wa Taifa wa Michezo wa Kenya ulifunguliwa Nairobi mwaka 1952, mwaka uleule ambao hali ya hatari ilitangazwa. Zaidi ya miaka kumi baada ya uhuru bado ratiba yake ilitawaliwa na vikundi vya Wazungu na michezo kutoka Ulaya na Marekani. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa ikijiandaa kupeleka tamthilia mbili katika tamasha la FESTAC 77, lililofanyika Lagos mwezi Januari na Februari 1977. Ya kwanza ilikuwa The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, iliyoelekezwa na Seth Adagala. Ya pili ilikuwa Betrayal in the City ya Francis Imbuga, iliyoelekezwa na Tirus Gathwe. Zote mbili ziliombewa nafasi katika Ukumbi wa Taifa mwezi Oktoba 1976, wakati ambapo mkutano mkuu wa UNESCO ulikuwa ukifanyika Nairobi. Zilipewa siku chache tu, zikabanwa katikati ya mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo kutoka Marekani na maonyesho ya ngoma za Kifaransa.

Mzozo huo umesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kama mzozo wa watunzi. Lakini kilichokuwa kikigombewa hakikuwa karatasi. Kilikuwa ukumbi, tarehe na saa, yaani malighafi ya mwelekezi. Kuhusu The Trial of Dedan Kimathi, maelezo ya jukwaani yanataka tukio moja limiminike ndani ya jingine, historia ya mtu mweusi ionyeshwe kwa miili isiyosema, na wakati uliopita usitenganishwe na uliopo. Maelekezo kama haya ni rahisi kuyaandika na ni magumu kuyatimiza. Mtu anayeisoma tamthilia hiyo, iwe kwa Kiingereza au katika tafsiri ya Kiswahili ya Raphael Kahaso, Mzalendo Kimathi, huyapitia upesi ili ayafikie mazungumzo. Adagala hakuweza kuyapita. Ilimbidi aamue ni watu wangapi, ni mwendo gani, na ni ngoma ipi.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Ngũgĩ, onyesho la kwanza halikumalizikia jukwaani. Hadhira iliinuka, ikaungana na waigizaji katika wimbo na ngoma, na msafara huo ukatoka nje hadi barabarani. Mwisho wa aina hiyo hauwezi kuandikwa na mtunzi yeyote. Mtunzi anaweza kuutamani, lakini ni mpango wa jukwaa unaouwezesha au kuuzuia. Ukumbi wa Taifa ulijengwa ili watazamaji wakae kimya gizani wakitazama mbele. Kuwafanya wasimame na kutoka pamoja na wahusika ni kulipinga jengo lenyewe. Si ajabu kwamba wakuu wa usalama walitaka kuzungumza na mwelekezi pamoja na mtunzi.

Betrayal in the City, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Usaliti Mjini, inalizungumzia jambo hilihili ndani ya hadithi yake. Katika sehemu ya mwisho wafungwa wanafanya mazoezi ya mchezo uliokusudiwa kumtumbuiza kiongozi mgeni. Boss, mtawala wa Kafira, anahudhuria. Bunduki zinazotolewa kwa ajili ya maigizo zinawageukia wenye nguvu. Imbuga, ambaye pia aliandikia na kuigiza katika runinga ya Sauti ya Kenya, alielewa kwamba hatari ya sanaa ya maonyesho haimo katika maneno pekee. Imo katika kule kumpa mtu nafasi ya kusimama na kitu cha kushika. Kwa maneno mengine, mgogoro wa tamthilia hiyo unafumbuliwa na uamuzi wa kiuelekezi: nani ashike bunduki, na wakati gani. Ni vigumu kuona jinsi mhakiki anavyoweza kuichambua Kafira kwa ukamilifu bila kuligusa hilo.

Kimani Gecau na Uwanja wa Kamĩrĩĩthũ

Ikiwa Adagala na Gathwe walifanya kazi ndani ya jengo lililojengwa na wengine, Kimani Gecau alipewa jambo gumu zaidi: kuelekeza mahali ambapo hapakuwa na jengo. Gecau, mhadhiri wa fasihi, aliielekeza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ katika Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Wanakijiji walijijengea uwanja wa wazi wenye uwezo wa kuchukua zaidi ya watazamaji 2,000. Onyesho la kwanza lilifanyika Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, na alikaa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978.

Yanayojulikana juu ya uelekezi wa Kamĩrĩĩthũ yanatosha kumpa mhakiki kazi. Kwanza, mazoezi yalikuwa ya wazi. Kila aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kukosoa. Wafanyakazi wa kiwanda waliwasahihisha waigizaji juu ya maisha ya kiwandani, na wazee walisahihisha taratibu za arusi na lugha ya heshima. Wanawake waliozijua nyimbo za gĩtiiro walifundisha mpangilio wake. Katika ukumbi wa kawaida, mazoezi ni siri na onyesho ndilo tukio. Gecau aliligeuza jambo hili juu chini. Hadhira ilipofika Oktoba haikuja kustaajabia kitu kipya, bali kukitambua kitu ambacho ilikwisha kukijadili.

Pili, kuna ukuta wa Kĩgũũnda. Katika nyumba ya mkulima huyu hati ya shamba la ekari moja na nusu imetundikwa mahali pa heshima. Msomaji huiona hati hiyo pale tu inapotajwa. Mtazamaji huiona wakati wote: wanapogombana mume na mke, wanapokuja matajiri akina Ahab Kĩoi na mkewe Jezebel, wanaporudi katika kumbukumbu ya arusi yao ya zamani. Baadaye, Kĩgũũnda akishaingia katika mkopo ili kugharimia arusi ya kanisani, ukuta huohuo unabeba maandishi ya dini na nyumba inajaa vitu vipya. Hakuna mhusika anayehitaji kuhutubia juu ya unyang'anyi. Ukuta umesema. Uchambuzi unaozihesabu hotuba za Gĩcaamba juu ya kiwanda na kanisa, kisha ukalaumu tamthilia kwa kuhubiri, umeusahau ukuta. Hotuba hizo husikika tofauti zinapotolewa mbele ya kitu ambacho watu 2,000 wanakitazama na wanajua kitapotea.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, linganisha mwisho wa onyesho na mwisho wa kitabu. Onyesho lilipigwa marufuku mwaka 1977. Mwaka 1980 tamthilia hiyohiyo, kwa lugha ileile ya Kikuyu, ilichapishwa Nairobi na kuuzwa. Baadaye ilitokea pia kwa Kiswahili ikiitwa Nitaolewa Nikipenda. Maneno yalikuwa yaleyale. Kama hatari ingekuwa katika maneno, kitabu kingalifuata njia ya onyesho. Serikali ilitofautisha mambo mawili ambayo uhakiki umeyachanganya: mswada na tendo. Ilijua kwamba mtu anayesoma peke yake chumbani si sawa na watu 2,000 waliokaa kwenye mabenchi waliyojitengenezea wenyewe, wakitazama majirani zao wakiwaigiza.

Tofauti hiyo ilijitokeza tena mwaka 1982. Maitũ Njugĩra, iliyoelekezwa na Gecau akishirikiana na Waigwa Wachira, ilikuwa ianze katika Ukumbi wa Taifa tarehe 19 Februari. Leseni haikutolewa na waigizaji wakakuta milango imefungwa. Mazoezi yaliendelea katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na maelfu ya watu walimiminika kuyatazama, hadi yalipokomeshwa nayo. Hivyo mazoezi hayo ndiyo yaliyokuwa maonyesho yake pekee nchini. Tarehe 11 Machi kituo cha Kamĩrĩĩthũ kiliondolewa katika orodha ya vyama vilivyosajiliwa, na siku iliyofuata polisi waliubomoa uwanja. Hakuna kitabu kilichochomwa. Kilichobomolewa ni mahali pa kusimama. Gecau na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikimbilia Zimbabwe, ambako waliendelea na kazi za utamaduni na elimu. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifia huko mwaka 2008 baada ya kuisaidia sanaa ya maonyesho ya jamii kusimama katika nchi hiyo.

Katika maandishi mengi ya kitaaluma, Kamĩrĩĩthũ ni sura katika maisha ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, hakudai hivyo. Katika Detained (1981) na Decolonising the Mind (1986) alilitaja jina la Gecau na kusisitiza mchango wa wanakijiji. Waliolifuta jina hilo ni wasomaji wake.

Kioo cha Runinga

Inaweza kudhaniwa kwamba runinga, ambayo huhifadhi picha, ingemwokoa mwelekezi kutoka katika usahaulifu. Haikuwa hivyo. Matangazo ya runinga yalianza Kenya mwaka 1962, na tangu Sauti ya Kenya hadi KBC ya mwaka 1989 na baadaye, vipindi vya maigizo kama Vioja Mahakamani na Vitimbi vilipendwa na vizazi kadhaa. Watazamaji walimfahamu Mzee Ojwang', yaani marehemu Benson Wanjau, na Mama Kayai kama wanavyowafahamu jamaa zao. Ni wachache wanaoweza kumtaja aliyeamua kamera iwekwe wapi.

Na bado katika runinga uwezo wa mwelekezi ni mkubwa zaidi. Katika uwanja wa wazi mtazamaji ana hiari ya kumtazama anayesema au anayenyamaza. Kamera humwondolea hiari hiyo. Inapomwonyesha hakimu uso mzima huku mshtakiwa akisikika sauti tu, imeshatoa hukumu kabla ya hakimu. Aidha, kioo kidogo hakina nafasi ya umati. Maigizo ya studio yalikuwa ya sebuleni, mahakamani na hotelini, ya watu watatu au wanne, na ugomvi wao ulimalizika kwa kicheko. Si sahihi kuyadharau kwa sababu hiyo, kwani kejeli yake ilikuwa na makali yake. Lakini ni vyema kutambua kwamba chombo cha serikali kilichowaingiza waigizaji wa Kiswahili katika kila nyumba kiliwaingiza bila umma nyuma yao. Kamĩrĩĩthũ na Vitimbi ni majibu mawili tofauti kwa swali moja la kiuelekezi, na yanastahili kusomwa pamoja.

Pingamizi Mbili

Mtazamo huu unaweza kupingwa kwa hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni ya ushahidi. Kitabu kiko rafuni na kinaweza kukaguliwa na kila mtu, ilhali onyesho la mwaka 1977 haliwezi kurudiwa. Mhakiki ataegemea nini isipokuwa kumbukumbu za wahusika, ambazo hupamba? Ni kweli kwamba mengi tunayoyajua juu ya Kamĩrĩĩthũ yametoka kwa Ngũgĩ, mtu mwenye upande katika mgogoro huo. Lakini ugumu wa ushahidi haujawahi kuwa sababu ya kuiacha taaluma. Wachunguzi wa fasihi simulizi wamepambana na tatizo hilihili kwa miaka mingi, nao hawakuhitimisha kwamba fanani hana umuhimu. Walijifunza kuhoji, kulinganisha na kupima. Maombi ya leseni, ratiba za kumbi, picha, tahakiki za magazeti, nakala za mswada zilizoandikwa pembeni kwa kalamu na kumbukumbu za waigizaji ni ushahidi ambao idara za fasihi zinaweza kuukusanya. Kila mwaka unaopita bila kufanya hivyo unapunguza mashahidi.

Hoja ya pili ni ya kisiasa. Inadaiwa kwamba sanaa ya jamii, hasa ya aina ya Kamĩrĩĩthũ, haina mwelekezi. Kila mtu alichangia, na kumtafuta bwana mmoja ni kurudisha ubinafsi ambao sanaa hiyo iliukataa. Hoja hii inavutia lakini inachanganya uelekezi na ubwana. Pale ambapo kila mtu anachangia, ndipo inapohitajika zaidi akili inayosikiliza, kuchagua na kupanga. Wazee wawili wakitofautiana juu ya wimbo wa arusi, lazima wimbo mmoja uimbwe. Kumtambua aliyelisimamia jambo hilo bila kuwanyamazisha wazee si kumvika taji. Ni kueleza jinsi kazi ilivyofanyika.

Kurudi Mukuyuni

Sasa swali la mwanzo linaweza kuulizwa upya. Inheritance inaanza katika enzi ya ukoloni, katika utawala wa Mfalme Kutula wa Kumi na Tano, Gavana Thorne Macay akiwa ndiye mwenye kauli. Mfalme anaangamizwa kwa mkono wa mwanawe Lacuna kwa uchochezi wa mkoloni. Miaka thelathini baadaye Lacuna ni mtawala wa jamhuri iliyozama katika madeni ya wageni. Watu wa bonde la Bukelenge wanasukumwa kutoka katika ardhi yao, familia ya akina Zen Melo inasambaratika, na mtawala anamtamani binti yao, Lulu. Anayesimama kuupinga uovu huo ni Sangoi, binti wa kulea wa mfalme.

Kitabuni, hadithi hii ina mwisho wa kuridhisha: dhalimu anaanguka na haki inarudi. Lakini msomaji makini atatatizika. Mkombozi ametoka wapi? Ametoka katika jumba lilelile la kifalme. Je, watu wa Kutula wamejikomboa, au kiti kimerudishwa kwa tawi jema la ukoo? Neno urithi lililo katika anwani ya tamthilia linakubali majibu yote mawili. Mhakiki wa kitabu anaweza kubishana juu ya hili bila kikomo, kwa sababu maneno hayatoshi kuamua. Mwelekezi hana budi kuamua. Sangoi akisema maneno yake ya mwisho akiwa juu ya jukwaa la kiti, na umma ukiwa chini umemtazama, tamthilia ni ya kurejeshwa kwa ufalme. Akiyasema akiwa ameshuka, kiti kikiwa tupu nyuma yake na umma umemzunguka, ni tamthilia nyingine kabisa, ingawa hakuna neno lililobadilishwa.

Yako maamuzi mengine ya aina hiyo. Mwigizaji mmoja akiigiza Gavana Macay wa sehemu ya kwanza na mkopeshaji Rollerstone wa sehemu ya pili, hadhira haitahitaji kuelezwa maana ya ukoloni mamboleo, itautambua uso. Kiti cha mfalme kikibaki palepale kwa miaka thelathini na kupambwa tu kwa kitambaa kipya, urithi wa Lacuna utaonekana kabla hajafungua kinywa. Na umma wa Bukelenge, badala ya kuwa waigizaji wanne walioletwa kuwakilisha maelfu, unaweza kukaa miongoni mwa watazamaji tangu mwanzo na kuinukia humo.

Uamuzi huu wa mwisho una nguvu ya pekee Ukambani. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa nguvu, wakapiga kambi huko wakidai kusikilizwa na Gavana. Muindi alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini kukaa kule kwa umma mahali ambapo haukutakiwa kukaa kuliingia katika kumbukumbu ya watu. Mwelekezi anayeliweka bonde la Bukelenge katikati ya hadhira ya Makueni habuni umati wa kigeni. Anauita ule ambao watazamaji wameurithi.

Jina la Mukuyuni lenyewe lina funzo. Katika Kikamba lina maana ileile ambayo msemaji wa Kiswahili huisikia mara moja: penye mkuyu. Miti mikubwa ya jamii hiyo ilihusishwa na mathembo, mahali pa ibada ya Wakamba, ambapo watu walikusanyika kwa sala na ngoma. Mahali kama hapo hapana mbele wala nyuma, na anayetazama sasa anaweza kuingia katika ngoma baada ya muda mfupi. Mwalimu anayewatoa wanafunzi wake darasani na kuwapanga chini ya mti kwa ajili ya onyesho moja tu la Inheritance atalazimika kulijibu swali la umma kabla ya kengele kulia. Atakuwa amefanya uhakiki ambao miongozo haifanyi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika kipindi muhimu cha sanaa ya maonyesho ya Kenya, maana ya tamthilia iliamuliwa na watu ambao uhakiki umewaacha pembeni. Seth Adagala, Tirus Gathwe, Kimani Gecau na Waigwa Wachira hawakuwa mafundi wa kutekeleza mawazo ya wengine. Walikuwa wafasiri waliofanya kazi kwa miili, nafasi na muda, na matokeo ya ufasiri wao yalipimwa na hadhira na kuogopwa na dola. Mulwa anaonyesha upande mwingine wa jambo hilo: mwelekezi aliyeingia ndani ya mswada na kuacha humo maswali ambayo mswada peke yake hauwezi kuyajibu.

Linalodaiwa hapa si kuacha kusoma vitabu. Ni kuvisoma kama mabaki ya tendo na kama maandalizi ya tendo jingine. Idara zinazotunuku shahada kwa uchambuzi wa dhamira na wahusika zinaweza pia kumtuma mwanafunzi mmoja akamtafute mwigizaji mzee, amwulize alisimama wapi usiku ule, na ni nani aliyemwambia asimame hapo. Uwanja wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa kwa siku moja. Waliosimama ndani yake wanaondoka mmoja mmoja, na jibu la swali hilo wanaondoka nalo.